Moshi wa Saa Sita Mchana

Nchi ninayotaka kuisimulia iko mbali sana na hapa, na msomaji asipoteze muda kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko barabara za lami, na ina jambo moja ambalo sisi huku, kwa bahati mbaya, hatuna: uchumi wake unapimwa kwa moshi.

Msicheke. Zamani walikuwa wakipima kwa tarakimu kama watu wengine, lakini tarakimu za nchi ile zilikuwa na adabu mno, zikimwona mkubwa tu zinainuka zenyewe. Ndipo akaja mtaalamu kutoka ng'ambo, akakaa hotelini wiki nzima, akasema kwamba binadamu anaweza kudanganya kila kitu lakini hawezi kuwasha moto jikoni kama hana cha kupika. Tazameni moshi, akasema, akapanda ndege akaenda zake. Tangu hapo, kila saa sita mchana Mkadiriaji Mkuu wa Moshi hupanda juu ya paa la Wizara ya Uchumi na darubini yake, akaukagua mji mtaa kwa mtaa, kisha saa saba husoma redioni mwelekeo wa uchumi: moshi mzito, moshi wa wastani, au moshi mwembamba. Wenye maduka hupandisha au hushusha bei kwa kusikiliza, na wachumba huamua kama waoane sasa au wavute subira.

Wakati wa habari hizi, Mkadiriaji Mkuu alikuwa Hamdani Kirobo, mtu mpole, mwenye miwani, asiyependa ugomvi hata na inzi. Aliajiriwa na serikali ya Chama cha Subira, akaitumikia kwa uaminifu mpaka moshi ulipokuwa mwembamba kiasi kwamba wananchi wakaishiwa na hiyo subira yenyewe. Serikali ikaanguka, kikaingia Chama cha Sasa Hivi. Katika kampeni zake zote kiliahidi kitu kimoja, moshi juu ya kila paa, tena sasa hivi.

Watu walishangilia, wakacheza ngoma barabarani, wakarudi nyumbani kungoja. Wakangoja sana.

*

Waziri mpya aliitwa Mheshimiwa Gervas Mtandika, na wizara yake ilibadilishwa jina ikawa Wizara ya Uchumi na Matumaini, kwa sababu uchumi wenyewe ulikuwa haujapatikana. Alimwita Hamdani kwenye kikao cha Baraza la Mawaziri lililojaa, kila mmoja na chupa yake ya maji na sahani yake ya korosho.

"Ndugu Mkadiriaji," alianza, "nimechungulia dirishani saa sita. Mbona sioni kitu?"

"Mheshimiwa, watu hawana unga. Mvua hazikunyesha, na..."

"Sikukuuliza habari za unga. Nimekuuliza habari za moshi."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wewe si ndiye uliyewasomea hawa waliopita moshi mwembamba mpaka wakaanguka? Sasa unataka kutuangusha na sisi?"

Mawaziri waliacha kutafuna. Hamdani aliwajua wenzake waliokuwa wamekwisha kupangiwa kazi nyingine, maana yake katika nchi ile ni kukalishwa kwenye benchi la ukumbini, bila meza, mpaka mtu astaafu au afe, lipi litangulie. Alipita mbele yao kila asubuhi na alikuwa ameacha kuwaamkia. Mdomo ukamfunguka wenyewe kabla hajaufikiria.

"Mheshimiwa," alisema, "moshi hautoki chunguni. Moshi unatoka kwenye kuni."

Waziri akayarudia maneno yale polepole, akainuka, akazunguka meza, akamkumbatia Hamdani mbele ya Baraza zima. Wengine wakapiga makofi. Hamdani alitabasamu, na papo hapo akajisikia mchafu, kama mtu aliyekojoa msikitini.

Maana maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya dada yake, Mwanaheri.

Wazazi wao walikufa kwa kipindupindu Mwanaheri angali kigoli na Hamdani hajaota meno ya utu uzima. Baba zao wakubwa walikaa kikao, wakaona watoto wagawanywe: wa kiume aende kuchunga mbuzi bara, wa kike akafanye kazi za ndani mjini. Mwanaheri akakataa. Akasema wao wanakula vizuri, hawana shida, waachwe palepale. Basi kila saa sita, kama kuna kitu au hakuna, aliwasha makumbi mabichi ya nazi kwenye mafiga ili moshi upande na majirani wauone, nao wawapelekee wale wakubwa habari kwamba jiko la mayatima linawaka. Siku nyingi chungu hakikuwepo. Siku kilipokuwepo, Mwanaheri aliukwangua ukoko, akaugawa vipande viwili, akampa mdogo wake kile kikubwa. Alimwambia, "Haya ya moshi usimwambie mtu, hata ukiwa mkubwa." Hamdani hakumwambia mtu, si shuleni, si chuoni, si hata mkewe alipokuwa hai. Alikwenda kuliambia Baraza la Mawaziri.

*

Sheria ya Moshi ilipitishwa kabla korosho hazijaisha. Kila nyumba iliagizwa kutoa moshi saa sita mchana bila kukosa. Kuni ziligawiwa na serikali, zilikatwa mbichi kwenye msitu wa taifa na kampuni ya shemeji yake Waziri, aliyeshinda zabuni baada ya ushindani mkali na kaka yake Waziri. Mabalozi wa nyumba kumi wakapewa filimbi. Mgambo wa Moshi wakapewa kofia. Kifungu kimoja, kilichosifiwa na wanasheria wote, kilikataza mtu kuchungulia jiko la mwenzake, kwa kuwa serikali ya Sasa Hivi inaheshimu siri za raia.

Moshi ukapanda, na ulikuwa moshi kweli. Kunguru walihama. Nguo nyeupe zilianikwa zikaanuliwa za kijivu. Hamdani alisoma redioni "moshi mzito", kesho yake "mzito sana", na ilipofika mwisho wa mwezi Wizara ililazimika kuunda kamati ya kutafuta maneno mapya, ikaja na "moshi uliokomaa". Watu walipoanza kukohoa, Waziri wa Afya alieleza kwamba ni kikohozi cha ukuaji, kinazipata nchi zote zinazopaa haraka. Rais mwenyewe alihutubia taifa uwanjani, ambako hakuonekana, lakini sauti yake ilisikika.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Nawaona mnafuta machozi! Ni machozi ya furaha, na mimi nimeyapokea! Wenzetu waliopita walitafuta moshi chunguni! Sisi tumegundua kwamba moshi hautoki chunguni, moshi unatoka kwenye kuni!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele na kikohozi. Maneno yale yakachorwa kwenye kuta, yakachapwa kwenye kanga, yakaimbwa na watoto wa shule asubuhi kabla ya kuingia darasani na njaa zao. Kila Hamdani alipoyaona mahali aliangalia pembeni. Hakuweza kula kantini ya Wizara. Aliomba chai ya rangi, akainywa nusu, akapanda paa.

Na huko juu ndiko kulikokuwa na mateso yenyewe, kwa sababu kutoka paani, ukiielekeza darubini mtaa wa Kwa Mkunazi, unaliona jiko la uani la Mwanaheri. Miaka yote moshi wake ulikuwa wa kwanza kupanda, mweupe, umenyooka, moshi wa vifuu vya nazi chini ya sufuria ya maharage aliyokuwa akiwauzia mafundi wa gereji. Hamdani alikuwa akiutumia kujua kama darubini imekaa sawa. Sasa ulikuwa mweusi, unajikunja, na ulikuwa bado wa kwanza. Mafundi wa gereji hawakuonekana tena. Kila Ijumaa alikuwa na desturi ya kwenda kumsalimia dada yake baada ya sala. Tangu siku ya kile kikao hakwenda hata mara moja.

Alimpelekea unga, mfuko mdogo alioupata kwa kufahamiana na mpishi wa kantini. Dereva wa Wizara alirudi nao.

"Amesema ahsante sana," dereva alieleza. "Anasema amesikia redioni hali ni nzuri, atapika vyake. Na anasema si vizuri ndugu wa Mkadiriaji aonekane analetewa unga na gari la serikali, watu watakuja kukufikiria vibaya."

"Alikuwa na hali gani?"

"Anakohoa, bosi. Lakini nani hakohoi?"

Hamdani aliupokea ule mfuko akauweka chini ya meza. Ulikaa pale, na kila alipokaa kuandika mwelekeo wa uchumi aliugusa kwa mguu.

*

Sasa kulikuwa na meli bandarini. Ilikuwa imejaa mahindi, na iliombwa na serikali iliyopita wakati wa moshi mwembamba, ikafika wakati wa moshi uliokomaa. Utaratibu wa wahisani katika nchi ile ulikuwa rahisi: nchi ya moshi mwembamba hupewa mahindi, nchi ya moshi mzito hupewa mkopo. Mahindi yalikuwa ya kuliwa na watu. Mkopo ulikuwa wa kujenga jengo jipya la Wizara lenye paa refu zaidi, ili moshi uonekane vizuri. Serikali iliona mkopo una heshima.

Wahisani wawili wakaja kujionea. Mmoja alikuwa mama mwenye kofia pana, mwingine bwana mwembamba aliyeandika kila kitu, hata alipoambiwa habari za asubuhi. Siku hiyo kuni ziligawiwa maradufu, na redio ikatangaza tangu alfajiri kwamba wageni watakuwa juu ya paa saa sita, kwa hiyo kila mwananchi ajue wajibu wake.

Walisimama pale juu, Waziri kifua mbele, Hamdani pembeni na darubini. Mji mzima ulikuwa umefunikwa. Yule mama alipewa darubini akaizungusha, ikatua Kwa Mkunazi.

"Ule mweusi sana, wa nyumba ya bati la kutu," aliuliza kwa Kiswahili kizuri cha kusomea. "Wewe ndiye mtaalamu. Unaonyesha kitu gani?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Mlango ulikuwa wazi kabisa, hata Waziri alikuwa akipiga chafya wakati ule. Hamdani angeweza kusema: mama, ile ni nyumba ya dada yangu, na hakuna kitu. Meli ingeshusha mahindi siku ileile.

"Nyama," Hamdani akasema. "Huenda ni nyama."

Bwana mwembamba akaandika nyama. Hamdani akaomba ruhusa ya kwenda msalani, na alipoufikia mlango wa ngazi akaanza kukimbia. Alikimbia mbele ya benchi la waliopangiwa kazi nyingine, akavuka barabara, akapita katikati ya filimbi za mabalozi, miwani imejaa masizi. Hakujua anakwenda kufanya nini. Alijua tu kwamba ule moshi mmoja lazima ukome, kwa sababu ni yeye aliyeuiba.

Alimkuta Mwanaheri amechuchumaa uani, anapepea kwa kawa lililochakaa. Amekonda. Mafiga matatu, katikati kuni mbichi na majani ya mpapai, na juu yake hewa tupu.

"Hamdani!" Mwanaheri alisema, akakohoa kwanza mpaka akamaliza. "Huu si wakati wa kazi? Nani anatazama huko?"

"Zima, dada."

"Nizime wageni wako wako paani? Nimesikia redioni. Nimeongeza na majani ya mpapai usije ukaaibika."

"Nakuomba zima. Ni mimi niliyewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Yale ya makumbi. Ya wakati ule. Nilikuwa naogopa, dada, nikawapa."

Mwanaheri akaacha kupepea. Hakuonyesha mshangao, na hilo likamuuma Hamdani kuliko kofi.

"Najua," alisema. "Siku ile Rais alivyosema moshi unatoka kwenye kuni, nikajiambia, mbona maneno hayo yamelala nyumbani kwangu?"

"Mbona hukunitumia salamu? Mbona hukunisema?"

"Nilikuwa nakungoja uje Ijumaa."

Mwanaheri alijifuta macho kwa ncha ya kanga, ile iliyoandikwa maneno yake mwenyewe.

"Mimi moto ule nilikuwa nauwasha wasije wakanichukulia wewe," alisema taratibu. "Nilikuwa nadanganya, naam, lakini nilikuwa najua namdanganyia nani. Huu wa leo nieleze, baba. Ninauwasha ili nani asichukuliwe?"

Pembeni palikuwa na ndoo ya maji ya kufulia. Hamdani akainyanyua kwa mikono yote miwili, akaimimina yote kwenye mafiga.

*

Yeyote aliyewahi kuzima moto wa kuni mbichi kwa ndoo ya maji anajua kilichofuata. Hamdani, msomi wa moshi, hakukifikiria. Kulitoka mlio mkubwa, kisha likainuka wingu jeupe, nene, likapita mapaa yote ya Kwa Mkunazi, likasimama juu ya mji mzima.

Paani kule Waziri alishika kifua. "Tazameni!" alipiga kelele. "Nyumba moja! Nyumba moja tu hiyo!" Yule mama wa kofia pana alisema hajaona kitu kama kile katika nchi zote alizotembelea, na bwana mwembamba alimpa kalamu, akainama, mama akaitia ripoti sahihi juu ya mgongo wake. Saa saba Waziri alisoma mwelekeo mwenyewe, akaeleza kwamba Mkadiriaji Mkuu ameondoka kwa unyenyekevu asije akasifiwa. Mkopo umepatikana. Meli itang'oa nanga kesho alasiri na mahindi yake, ikawasaidie wasiojiweza. Na nyumba iliyolitia taifa fahari ni ya Bi Mwanaheri Kirobo wa Kwa Mkunazi, ambaye atazawadiwa mkokoteni wa kuni mbichi.

Redio ya Mwanaheri ilikuwa dirishani. Walisikiliza wote wawili, wamelowa, wamejaa majivu. Mwanaheri alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Hamdani alimshika mabega mpaka kilipopita. Alizihisi mbavu zake zote.

Hazikupita dakika nyingi hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Bi Sikudhani, jirani wa ukuta kwa ukuta, na nyuma yake Mzee Shomvi wa nyumba ya kona, na nyuma yao wengine wa mtaa. Walisimama kwa heshima, mikono imefichwa ndani ya kanga na mikunjo ya kanzu.

"Hongera, jirani," Bi Sikudhani alisema. "Tumesikia redioni. Hatukuja kuomba, usitufikirie hivyo. Tumekuja kukupongeza tu."

"Kupongeza tu," Mzee Shomvi akaitikia, na sahani ikamponyoka chini ya kanzu ikaanguka, ikazunguka uani ikilia, mpaka ikatulia miguuni kwa Hamdani. Kila mtu aliitazama. Ilikuwa safi kabisa.

Hamdani akaiokota. Alikuwa amewasomea watu hawa moshi kwa miaka, na hakuwahi kuwatazama usoni.

"Hakuna chungu," alisema. "Jamani, hapa hakuna chungu. Hata jana hakikuwepo. Ni kuni na majani, na aliyeitoa akili hiyo ni mimi."

"Hata hapa?" Bi Sikudhani akauliza kwa sauti ndogo.

"Hata hapa," Mwanaheri akajibu. "Kwani kwako?"

"Kwangu mimi ni majani ya mwembe tangu mfungo uishe. Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilikuwa nakusikia unapepea, nikasema mwenzangu anapika, na mimi nisionekane nyuma."

"Mimi nafunga dirisha nisije nikasikia harufu za vyakula vyenu," alisema Mzee Shomvi.

"Vyakula gani, mzee?"

"Ndiyo nashangaa na mimi. Harufu ilikuwa haiji."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, na katikati ya kicheko Bi Sikudhani akakaa chini kwenye majivu akalia. Habari zikatoka mlangoni kwenda nyumba ya pili, na ya tatu, na mtaa wa pili. Sheria ilikuwa imekataza watu kuchungulia. Haikuwa imekataza kuulizana.

*

Kesho yake saa sita mchana Hamdani alipanda paa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemkataza. Anga lilikuwa safi. Aliweza kuiona bahari, na bandari, na meli. Filimbi za mabalozi zililia mji mzima, na hakuna nyumba hata moja iliyowasha.

Waziri alipanda mbio, akatazama kila upande, akageuka rangi. Lakini hakuwa waziri bure. Kabla hajashuka ngazi alikuwa amekwisha kupata maelezo, na saa saba kasoro Hamdani alikabidhiwa taarifa ya kusoma: wananchi wote, kwa hiari yao na kwa mapato yao yaliyoongezeka, wamehamia usiku mmoja kwenye majiko ya kisasa yasiyotoa moshi, na nchi sasa imevuka hatua ambayo mataifa mengine yameisotea kwa karne.

"Soma kwa furaha," Waziri alimwambia, akamfunga mwenyewe kifungo cha koti.

Hamdani akaketi mbele ya kipaza sauti. Alifikiria lile benchi la ukumbini, na akashangaa kuona haliogopi tena kama alivyoliogopa. Alichokiogopa ni kwamba Mwanaheri alikuwa dirishani anasikiliza.

"Huu ni mwelekeo wa uchumi," alisema. "Leo hakuna moshi, kwa sababu hakuna chakula. Ule wa jana na juzi ulikuwa wa kuni tupu. Jana wageni waliniuliza moshi wa nyumba ya dada yangu ni wa nini, nikasema nyama. Nilisema uongo. Meli bado iko bandarini. Tafadhali, isiondoke. Mimi ni Hamdani Kirobo, na..."

Wakamkata hapo. Baada ya wimbo wa taifa Waziri alisoma ile ya majiko ya kisasa, kwa furaha.

Na wahisani? Walisikia, maana walikuwa na redio hotelini. Yule mama alisikitika sana, akasema Bwana Kirobo ni mtu jasiri. Lakini ripoti ikishatiwa sahihi haibadilishwi mpaka robo mwaka ijayo, utaratibu ndivyo ulivyo, na bwana mwembamba akamwonyesha mahali palipoandikwa hivyo. Alasiri meli ilipiga honi mara moja, ikageuka polepole na mahindi yake yote. Hamdani aliiangalia kutoka nje ya geti la Wizara, ule mfuko mdogo wa unga uko kwapani. Kama angesema jana yake, ingekuwa inapakuliwa. Hakujidanganya juu ya hilo, na mimi sitamdanganyia.

Alikwenda kwa miguu mpaka Kwa Mkunazi. Uani kwa Mwanaheri palikuwa na moto mmoja na juu yake sufuria moja, kubwa, ile ya maharage ya mafundi. Mtaa mzima ulikuwa umeleta ulichonacho. Mmoja kaleta kunde, mwingine kaleta muhogo, na Mzee Shomvi alileta mchele aliokuwa ameuweka akiba kwa ajili ya matanga yake mwenyewe, akasema watamzika na chai. Hamdani akautoa ule unga. Mwanaheri akaupokea safari hii, akaukabidhi kwa Bi Sikudhani bila kusema neno, ukaenda kukorogewa watoto uji.

Juu ya paa la Wizara, Mkadiriaji mpya aliuona ule moshi mmoja mweupe uliosimama wima. Aliandika kwamba jiko moja lililobaki nyuma kimaendeleo linafuatiliwa na vyombo husika.

"Kaa pale," Mwanaheri alimwambia mdogo wake, akamwonyesha kigoda cha mwisho karibu na ukuta. "Wewe utakula mwisho."

Hamdani akakaa. Wakapakuliwa watoto, wakapakuliwa wazee, wakapakuliwa majirani wote na wapita njia wawili waliovutwa na harufu. Sufuria ikafika chini kabla zamu yake haijafika, na hakuna aliyemwomba radhi. Mwanaheri akachukua mwiko, akakwangua ukoko uliobaki, akaugawa vipande viwili kama zamani. Akavitazama. Kisha kile kikubwa akakitia mdomoni mwake, na kile kidogo akampa Hamdani, naye akakipokea kwa mikono miwili.